Madoa ya Alfajiri

Jumatano hiyo nyumba ya Basili Qamara iliamka na ugomvi, na ugomvi ulianzia kwenye chai. Mama yake Basili, Verediana wa Bashay, alionja, akaweka kikombe chini, akasema chai ina moshi. Helena, mkwe wake, akachochea moto. Kuni zilikuwa mbichi, na aliyezileta ni Basili mwenyewe. Lakini katika nyumba ile moshi ulikuwa wa Helena, chumvi ikizidi ilikuwa ya Helena, na mtoto akikohoa, kikohozi nacho kilitoka upande wa Helena.

"Kwetu Bashay," alisema Verediana, "mwanamke anachagua kuni kabla ya kuchagua kanga."

"Ndiyo, mama."

"Sikulaumu. Nyie Wamang'ati mmezaliwa nyuma ya ng'ombe, chai mngeijulia wapi?"

Helena alikuwa Mbarabaig wa Getanuwas, na neno Mang'ati, jina la dharau kwa watu wa kwao, alishalisikia mara nyingi kiasi kwamba halikumfanya hata ageuke. Lilimuuma tu, kila mara mahali palepale. Alimfunga mtoto wake Fransiska mgongoni akaenda kukoroga uji. Alikuwa amebatizwa, amefunga ndoa kanisani, jembe analijua na misa haikosi, na bado mama mkwe alipomtambulisha kwa wageni alisema, "Huyu ndiye Basili aliyetuletea," kwa sauti ya mtu anayeonyesha kidonda.

Basili aliingia kabla uji haujaiva. Alimwamkia mama yake shikamoo ya haraka, akaitupa karatasi mezani katikati ya vikombe.

"Yamerudi," akasema. "Na leo ni mengi kuliko jana."

Verediana akafanya ishara ya msalaba. Hakujua karatasi ile ilionyesha nini, ila uso wa mwanawe aliujua.

Basi na msomaji ajue, maana asipojua hataelewa kwa nini karatasi moja ilivunja nyumba. Basili alikuwa mtoto wa Bashay aliyesomeshwa mpaka akavushwa bahari. Huko ng'ambo alijifunza kutengeneza jicho. Si jicho la kuona mwanga. Ni jicho la kuona joto, lile joto hafifu linalotoka kwenye udongo, kwenye majani, kwenye mwili wa mtu, hata gizani. Lenyewe lilikuwa kipande cha madini kidogo kuliko ukucha, na halikufanya kazi mpaka lipozwe kwa hewa iliyogeuzwa maji, iliyoletwa kwa gari kutoka Arusha ndani ya mitungi inayofuka moshi wa baridi. Kwa ajili ya mitungi hiyo wafanyakazi wa shamba walimwita Mzungu mkuu wa mradi Bwana Baridi, na jina lilimkaa, kwa kuwa hakuwa mtu wa kucheka.

Jicho hilo lilitakiwa kupanda angani ndani ya satelaiti, liitazame dunia kutoka juu, liseme shamba gani lina kiu kabla mkulima hajaona jani likinyauka. Lakini nafasi kwenye satelaiti ilikuwa moja na macho yalikuwa mawili: moja la Basili, alilolitengeneza kwa mikono yake, na lingine la mwenzake wa huko ng'ambo. Ndiyo maana mradi ulikuja kwenye shamba la ngano la serikali, uwanda wa Hanang. Baada ya mavuno yanabaki mabua matupu, tambarare mpaka unachoka kutazama, na alfajiri, kabla jua halijachomoza, ardhi yote ina ubaridi mmoja. Jicho zima likitazama kutoka juu ya mnara linapaswa kuchora rangi moja, kama ukuta uliopakwa chokaa. Jicho la mwenzake lilijaribiwa kwanza, wiki iliyopita, likachora ukuta. Jicho la Basili lilichora ukuta wenye madoa.

"Jumamosi Bwana Baridi anaamua," alisema Basili. "Anasema chembe za jicho zinaumwa. Nimezipima, haziumwi. Lakini madoa haya hapa, na kila siku yanahama."

"Na wasipolichukua?" aliuliza mama yake.

"Mkataba unakwisha. Nyumba hii ni ya shamba, tunaitoa. Narudi Bashay kufundisha hesabu, kama kuna shule itakayonitaka."

"Baba yako tulimzika wewe ukiwa huko," alisema Verediana. "Kwa ajili ya hicho kitu." Akamgeukia mkwe wake polepole. "Nuksi ikiingia ndani ya nyumba, ujue kuna mlango iliopitia."

Helena alileta uji, na alipouweka mezani akaiona karatasi vizuri. Yalikuwa madoa meupe, mviringo wa kurefuka kidogo, yamekaa pamoja upande mmoja wa picha. Makubwa yalikuwa nje. Madogo yalikuwa katikati, moja limejitenga kidogo na mengine. Na moja, kubwa kuliko yote, lilikuwa peke yake pembeni. Akaigusa karatasi kwa kidole.

Alikuwa amechunga tangu alipoweza kushika fimbo. Hivyo ndivyo ng'ombe wanavyolala: mama zao nje, ndama katikati, fahali peke yake upande unaotoka upepo. Na mahali alipolala ng'ombe hapapoi mara anapoinuka. Mtoto yeyote wa wachungaji analijua hilo, kwa sababu asubuhi za baridi anamwinua ng'ombe kwa fimbo ili asimame palepale apashe nyayo. Mtambo wa Basili haukuwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa umeona malazi.

Malazi ya nani, nalo hakuhitaji kuambiwa. Bwawa la kaka yake Gidamis lilikuwa limekauka mwanzoni mwa wiki hiyo, na malisho yake yamekwisha. Mchana ng'ombe wa wakubwa wa shamba walikula mabua mpaka wakavimba matumbo, na alama za kwato zao zilijaa kila mahali, hata za usiku zisijulikane. Ng'ombe wa Mbarabaig hawakuruhusiwa hata kunusa. Wakikamatwa walifungiwa katika zizi la shamba, na mchungaji alipigwa. Mwaka uliopita binamu yao alitoka kwenye kambi ya askari na mkono ambao haukunyooka tena. Kwa hiyo Gidamis aliwaingiza giza likishatanda, wakala, wakalala, akawatoa kabla hakujapambazuka, na mtambo ukaja kutazama wakati ng'ombe wameshaondoka na joto lao limebaki.

"Una nini?" aliuliza Basili. "Unaitazama kama mtu anayejua kuisoma."

"Hakuna, Baba Fransiska."

"Basi toa mikono yako ya unga kwenye picha yangu."

*

Alhamisi mchana Helena aliaga kwamba anafuata maziwa. Getini alimkuta Margwe, mkuu wa askari wa shamba, amekalia kopo la rangi, anakula miwa na wenzake wawili.

"Unaenda wapi, Mang'ati?"

"Kufuata maziwa."

"Wewe ni mke wa nani vile?"

"Wa Basili."

"Basili nani? Hapa akina Basili wako wengi."

Helena akaweka sawa kanga iliyombeba mtoto. Kwao mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe, hata kama baba mkwe ameshazikwa. Ni heshima, na anayeivunja anaonekana hakufundwa. Margwe alikuwa amekaa na Wabarabaig miaka mingi, akilijua hilo vizuri. Ndiyo maana aliuliza.

"Basili wa mitambo," alisema Helena.

"Nataka jina la pili."

"Yule wa mnarani."

"Jamani, mwanamke hajui ameolewa ukoo gani," Margwe aliwaambia wenzake, na wote wakacheka na kutema makapi. Alimwacha asimame juani na mtoto mgongoni, akafungua geti alipochoka kumtazama. Jioni habari hiyo ilimfikia Verediana ikiwa imeshageuzwa, kwamba mkwe wake anaona haya kutaja ukoo wa mumewe mbele za watu, naye akaipokea kama kitu alichokuwa akikisubiri.

Gidamis alikuwa nje ya boma lake, ng'ambo ya mpaka wa shamba, anachonga mpini kwa sime. Helena alimwamkia. Kaka mtu aliitikia bila kuinua kichwa.

"Kaka, mnalala kwenye mabua."

"Nani kasema?"

"Mume wangu ameona mlipolala."

Sime ikasimama juu ya mti. "Ametuona?"

"Hajui alichokiona. Ule mtambo wake unaona joto. Ng'ombe wameondoka, joto limebaki chini, yeye anadhani mtambo ni mbovu."

Gidamis alimtazama, kisha akacheka cheko kavu. "Kwa hiyo amepelekwa ng'ambo miaka yote hiyo akajifunze mahali alipolala ng'ombe. Angekuja hapa, mwanangu mdogo angemwonyesha kwa miguu."

"Usicheke, kaka. Mtambo ukikataliwa sisi tunafukuzwa pale."

"Sisi tulifukuzwa kwanza. Huko mnakosimamisha mnara wenu ndiko alikochungia baba. Kaburi la babu trekta limepita juu yake, wakapanda ngano, na hiyo ngano wewe unakula mkate wake. Sasa unakuja kuniambia ng'ombe wangu wanamharibia mumeo picha."

 Mkate Helena aliula, tena kwa kupanga foleni. Miaka ile sukari yenyewe ilikuwa ya foleni, na waliokaa ndani ya geti walipata kabla ya walio nje.

"Usiku mmoja tu," alisema. "Kesho alfajiri ndiyo mara ya mwisho kupima. Usiku wa leo wasilale pale. Baada ya hapo mnara unang'olewa."

"Na usiku wa leo wanakula nini? Maneno yako?"

Mke wa Gidamis akatoka na kibuyu cha maziwa, akampa wifi yake bila kusema kitu, akarudi ndani. Helena akanywa. Gidamis akasubiri mpaka alipomaliza, maana mtu hafukuzwi na maziwa mdomoni.

"Titi lililokunyonyesha ndilo lililoninyonyesha," alisema mwishowe. "Kwa hilo tu, usiku mmoja. Lakini sikiliza vizuri. Siku jina langu likitoka kwenu likafika kwa Margwe, wewe huna kwenu. Nikikukuta njiani nitakupita."

"Halitatoka."

"Haya, nenda. Na huyo mumeo mwambie ajifunze kusalimia akipita na gari."

*

Ijumaa asubuhi Basili alirudi karibu anakimbia. Alimchukua Fransiska akamrusha juu mpaka mtoto akatapika uji. Picha ilikuwa safi, rangi moja toka pembe hadi pembe. Verediana alimshukuru Mtakatifu Antoni, akanywa chai vikombe viwili, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyeuliza habari za moshi. Helena alikaa jikoni akitabasamu peke yake. Alijisikia mwepesi, mwenye akili, mtu aliyevuka mto bila kulowa.

Saa sita Bwana Baridi alimwita Basili ofisini. Saa saba Basili alirudi amenyong'onyea, akakaa kwenye kizingiti na viatu vyake vya kazi.

"Amesema nini?" aliuliza mama yake.

"Amesema afadhali madoa yangebaki."

"Ala. Si ndiyo aliyoyakataa?"

"Doa linalokaa mahali pamoja unalipima, unalisahihisha kwa hesabu. Doa linalokuja na kuondoka ni homa ya vipindi. Leo safi, kesho chafu, na sababu huijui. Anasema huko juu hakuna fundi wa kupanda na bisibisi." Alivua kofia, akaiangalia ndani. "Kitu kibovu mtu anaweza kukivumilia, anasema. Kitu kigeugeu hapana."

Helena alishika ukuta.  Alikuwa amekwenda juani, akatukanwa getini, akamwangukia kaka yake, ili ammalize mume wake kwa mikono yake mwenyewe. Angenyamaza tu, angalau madoa yangebaki madoa.

"Pimeni tena," alisema.

"Kwa kutumia nini? Maji ya baridi yamekwisha. Gari haliendi Arusha mpaka Jumatatu, na Bwana Baridi anaondoka kesho mchana."

"Si ameambiwa huyu anyamaze wakiongea wanaume," alisema Verediana, ingawa pale mwanaume alikuwa mmoja na hakuna aliyeambiwa kitu.

Helena alisubiri mpaka Verediana alipokwenda kusali kwa jirani. Akamwita mumewe nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, akamweleza yote: ng'ombe wanavyolala, joto linavyobaki, bwawa lililokauka, safari ya maziwa ambayo haikuwa ya maziwa. Basili alisikiliza bila kupepesa.

"Ulijua tangu Jumatano."

"Nilijua."

"Ukaniacha nikae mbele ya yule Mzungu kama mtoto aliyejikojolea."

"Nilimwogopea kaka."

Alimkamata mkono juu ya kiwiko, akauminya mpaka Helena akauma mdomo. "Wewe ni mke wangu au ni mke wa ng'ombe?" Kisha kitu kingine kikamjia usoni, akauachia mkono, akaanza kutembea huku na huku kati ya mashuka yaliyoanikwa. "Kwa hiyo liliona. Helena, liliona joto la ng'ombe ambaye ameshaondoka. La mwenzangu halijawahi kupimwa hivyo. Ndama nao liliwaona?"

"Wale wadogo wa katikati."

"Ndama," alisema Basili, na machozi yakamlengalenga. Hakuuliza habari za Gidamis. Helena alisubiri aulize, akaona haulizi, akaamua kusema yeye.

"Nitakuja kwa Bwana Baridi. Nitasema ng'ombe wanalala pale. Wa nani, sitasema, na wewe usiseme. Niapie."

"Nani anataka jina? Anataka sababu tu."

"Niapie, Baba Fransiska. Unajua wanavyopiga."

"Haki ya Mungu," alisema Basili. "Jina halitatoka."

*

Ofisini Jumamosi kulikuwa na watu ambao Helena hakuwatarajia. Bwana Baridi alikaa nyuma ya meza na mkoba wake umeshafungwa. Pembeni yake alikaa meneja wa shamba, mtu mnene mwenye suti ya Kaunda, kwa kuwa jambo la ng'ombe kwenye shamba lilimhusu. Na mlangoni alisimama Margwe. Helena aliamkia shikamoo. Meneja aliitikia kwa kidevu. Kiti cha nne kilikuwepo, hakuna aliyemwambia akae.

Basili alieleza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, akichora kwa kidole juu ya picha: huyu mama, huyu ndama, huyu fahali. Bwana Baridi alimsikiliza kwa makini. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limenyooka.

"Maelezo ni mazuri," alisema. "Lakini wewe ndiye uliyetengeneza. Mtu hawezi kuwa shahidi wa mtoto wake. Mkuu wa askari, je, ng'ombe wanalala katika eneo la kupimia?"

"Hakuna," alisema Margwe, amekaza shingo kama amekaripiwa. "Ng'ombe wa wakubwa wanatoka saa kumi na moja jioni. Usiku haingii hata sungura. Vijana wangu wanazunguka."

Vijana wake walikuwa wanalala, na kama hawakulala walikuwa wamekunywa. Margwe alijua, meneja alijua. Lakini kukiri kwamba kundi zima linaingia na kutoka kila usiku ilikuwa ni kuvua sare mwenyewe.

"Dokta Basili anatuletea ng'ombe wa hewa," Margwe aliongeza. "Wanakula, wanalala, hawana mwenyewe."

Meneja akacheka kidogo. "Kweli kabisa. Ng'ombe asiye na mwenyewe ndiye nani? Basili, mdogo wangu, kushindwa si aibu. Usisingizie mifugo."

Helena alimwona mumewe akiisogeza picha mbele ya Mzungu. Aliona pia Bwana Baridi akivuta mkoba wake karibu.

"Mke wangu anawajua," alisema Basili haraka. "Yeye ni Mang'ati, ng'ombe anamjua kwa harufu. Muulizeni."

Wakacheka wote isipokuwa Mzungu. Naye Basili alicheka, akawatazama mmoja mmoja kuhakikisha kwamba wanacheka pamoja naye. Tangu aolewe Helena hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa mumewe. Alikuwa akilisikia kwa mama mkwe, dukani, getini, na kila mara alirudi nyumbani akijua kuna mtu mmoja asiyelisema.

"Na mwenyewe yupo," Basili aliendelea, sauti imeshapanda. "Si ng'ombe wa hewa. Ni wa shemeji yangu, Gidamis, boma lake lipo ng'ambo ya mpaka upande wa Getanuwas. Anaingia giza likitanda na kutoka kabla ya mapambazuko. Ijumaa hakuja, ndiyo maana picha ilikuwa safi. Mnaona? Kila kitu kinaeleweka."

Jina lilikuwa limetoka. Lilitoka kirahisi, kama mtu anavyotaja bei ya chumvi. Margwe aliacha kucheka, akanyoosha mkanda wake.

"Gidamis," alisema, ili alikumbuke.

Meneja alikuwa ameegemea mbele. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Ngoja kwanza. Unasema mtambo huu unaona ng'ombe alipolala, hata kama ameshaondoka?"

"Hata ndama."

"Na gizani?"

"Gizani ndiko kwake."

"Bwana," meneja alimwambia Mzungu taratibu, "kabla hamjalipeleka jicho angani, mngetuachia hata msimu mmoja. Hawa watu wananisumbua tangu nije hapa. Nikijua kila alfajiri walikolala, Margwe anawasubiri mlangoni mwa boma."

"Linawezekana," alisema Basili. Hakumsubiri Mzungu. "Ninaweza kulisimamia mimi mwenyewe."

Bwana Baridi aliinua mkono kuwanyamazisha, akamgeukia Helena. Katika chumba kile ndiye pekee aliyemwita mama.

"Mama, ninahitaji shahidi aliyeona. Ukisema ndiyo, ninalichukua jicho la mume wako. Je, katika eneo lile la mabua kuna ng'ombe wanaolala usiku?"

Mtoto alijinyonga mgongoni. Helena alimpapasa mguu. Basili alikuwa anamtazama kwa tabasamu la kumhimiza, kichwa kimeshaanza kukubali kabla yake, na nyuma ya Basili Margwe naye alikuwa anamtazama. Helena alijua kabisa kilichokuwa mezani. Upande mmoja kulikuwa na miaka yote ya mumewe, nyumba, sukari, na jina la Bashay likipanda angani. Upande mwingine kulikuwa na mkono wa kaka yake, na alfajiri zote zilizobaki za watu wa kwao.

"Hapana," alisema. "Sijaona ng'ombe."

"Helena," alisema Basili.

"Nililala nyumbani. Nimeona wapi ng'ombe?"

"Helena, uliniambia. Jana. Kwenye kamba ya nguo."

"Ulikuwa na huzuni. Nilikuambia ya kukutuliza."

Margwe alishusha pumzi, maana naye sare yake ilikuwa imepona. "Si mnasikia," akasema. "Hata Mang'ati mwenyewe anakataa."

Bwana Baridi aliendelea kumtazama Helena kwa muda. Labda alielewa kitu.  Alisimama, akampa Basili mkono, akasema pole, na kwamba kazi yake ilikuwa nzuri karibu yote.

*

Nyumba ilitolewa Jumatatu. Verediana alifunga vyombo huku akiwaeleza majirani mmoja mmoja kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na majirani waliitikia kwa sauti ya kutosha Helena asikie. Hakumwita tena Mang'ati, hakumwita chochote. Kikombe alichokunywea Helena alikiacha nje kwenye jiwe.

Ng'ombe wa Gidamis walikuwa wamehamia upande wa Balangdalalu tangu Jumamosi jioni. Askari walikuta majivu na boma tupu. Nani alipeleka habari, hakuna aliyejua.

Lori la shamba lilikuwa linapeleka magunia Mbulu, wakapewa nafasi. Verediana alikaa mbele na dereva. Basili na mkewe walikaa juu ya magunia, mtoto katikati. Basili hakuwa amempiga wala kumtukana tangu ile siku, na Helena aliona afadhali angefanya kimoja. Kwa siku mbili alikuwa akizitandaza zile picha usiku na mchana, zenye madoa na ile safi, anazigeuza juu chini. Sasa zilikuwa zimekunjwa kwenye mfuko wa shati lake.

Lori lilipoanza kupanda mlima na mabua yakabaki chini, alisema bila kumtazama mkewe:

"Nataka unijibu moja. Sitakufanya kitu."

"Uliza."

"Walikuwepo au hawakuwepo?"

"Walikuwepo."

"Jumamosi ulisema hawakuwepo."

"Jumamosi ulimtaja kaka yangu."

"Jina niache. Nakuuliza jicho. Mimi ng'ombe sikuwaona. Nilichonacho ni maneno yako tu, na maneno yako yapo mawili. Siku moja unasema nilitengeneza kitu kizima, siku ya pili unasema ulikuwa unanituliza. Sasa hivi unanituliza?"

"Lilikuwa zima, Baba Fransiska. Liliona kila kitu. Liliona hata ndama wa Gidamis, yule anayelala amejitenga na wenzake kwa sababu ni yatima. Nilimjua kwenye picha."

Basili alimgeukia. Alimtazama usoni, akachungulia macho yake, moja na kisha la pili, akitafuta alama yoyote ya kumwonyesha kwamba safari hii anasema kweli. Lori lilitikisika kwenye mashimo. Helena hakuficha kitu, alikaa amemwelekea, akamwacha atazame apendavyo.

"Sijui," alisema Basili mwishowe. "Haki ya Mungu, sijui."

Akageuka upande wa barabara, na Helena akamfunika mtoto vumbi lisimwingie.